Vyanzo Viwili, Kinga Mbili: Usalama wa Umeme Katika Vituo vya Kuchajia Foklifti

Utangulizi

Foklifti za betri zinapendwa maghalani kwa sababu hazitoi moshi wala kelele nyingi. Lakini mahali pa kuzichajia mara nyingi ni kona yoyote yenye soketi, kana kwamba chaja ni feni. Hoja ya mada hii ni moja: kituo cha kuchajia kina vyanzo viwili vya umeme, gridi na betri, na breka ya ukutani hulinda upande mmoja tu. Ukizima swichi kuu, betri inabaki na nguvu zake zote.

1. Upande wa gridi

Tuchukue chaja ya volti 48 inayotoa ampea 80. Betri ya risasi na asidi ya volti 48 ina seli 24, na kila seli ikifika volti 2.4, chaja inatoa karibu kilowati 4.6. Ukiongeza upotevu ndani ya chaja, inavuta zaidi ya kilowati 5 kwenye gridi. Soketi ya ampea 13 inaishia karibu kilowati 3. Kwa hiyo kila chaja iwe na njia yake ya umeme, breka yake, waya wake wa ethi na swichi ya kuzimia iliyo karibu. Ekstensheni haina nafasi hapa.

Kwa taa na soketi za ofisini, fundi hukadiria kwamba si zote zitatumika pamoja. Kwa chaja, kadirio hilo ni hatari: zamu ikiisha, madereva wote huchomeka kwa pamoja. Waya mkuu upimwe kwa jumla kamili ya mzigo.

Kifaa cha kukata umeme unaovuja kwenda ardhini nacho kichaguliwe kwa makini. Baadhi ya chaja za kielektroniki, hasa za fezi tatu, zinaweza kuvujisha mkondo mnyoofu (DC), na mkondo huo hupumbaza vifaa vya aina AC na aina A. Kwa chaja hizo hutakiwa aina B. Maelekezo ya mtengenezaji yasomwe kabla ya kununua.

2. Upande wa betri

Spana ikianguka kati ya vichwa viwili vya betri, maelfu ya ampea hupita kwa mpigo; chuma huwa chekundu na cheche za risasi huruka. Breka ya ukutani haitashtuka, kwa sababu umeme huo haujapita kwake. Kinga ni fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, vifuniko kwenye vichwa na spana zenye mipini iliyofunikwa.

Fyuzi hiyo iwe ya mkondo mnyoofu. Mkondo geu wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo mnyoofu haupiti sifuri, hivyo fyuzi isiyofaa inaweza kukatika huku cheche ikiendelea kuwaka ndani yake.

Sehemu ya juu ya betri isafishwe pia. Vumbi na unyevu wa asidi hupitisha umeme hadi kwenye bodi ya foklifti.

3. Gesi

Chaji inapokaribia mwisho, betri ya risasi na asidi hutoa hidrojeni, nayo huweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Kanuni inayotumika kukadiria hewa inayohitajika ni kuzidisha 0.05 kwa idadi ya seli kwa ampea zinazozalisha gesi. Seli 24 kwa ampea 25 zinahitaji mita za ujazo 30 za hewa kwa saa. Hidrojeni hupanda, kwa hiyo tundu la kutokea liwe juu, na soketi na swichi zisikae juu ya betri.

Kuchomoa plagi ya betri chaja ikiwa inafanya kazi ni kutoa cheche palepale penye gesi. Zima chaja kwanza, kisha chomoa.

Mapendekezo

Kwanza, kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji ya Tanzania. Pili, vifaa vya kukata umeme vijaribiwe kwa ratiba na matokeo yaandikwe. Tatu, madereva wafundishwe utaratibu wa kuzima na kuchomoa. Nne, kabla ya kuongeza chaja, mzigo upigiwe hesabu upya.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeuweka wajibu wa usalama mikononi mwa mwajiri. Waajiri mliopo hapa, kagueni vituo vyenu, pande zote mbili, kabla ya kuagiza foklifti nyingine.