Pima Kwanza, Fungua Baadaye

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



 Wasemaji walionitangulia wamezungumza juu ya uchumi na malezi. Mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni mafaili ya serikali, nimeombwa nizungumze juu ya gari. Nimekubali kwa sababu habari hii ya gari ni habari ya ushahidi. Tena sidhani kama yumo humu ukumbini mwenye gari ambaye hajapata kuambiwa, "Mzee, injini hii imekufa."

Marehemu kaka yangu, naye mwanafunzi wa shule hii, aliacha mjini Arusha gari dogo la spoti aina ya MGB, la mwaka 1967. Magari hayo yalitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na yaliyotoka yalizidi 500,000. Injini yake ina silinda 4 na ujazo wa sentimita 1,798. Mwaka juzi shemeji yangu aliamua kuliuza ili apate ada za watoto wawili. Gari lilikuwa linatetemeka likisimama, na mlimani lilikosa nguvu. Mnunuzi wa kwanza alikuja na fundi wake. Wakasikiliza kwa dakika mbili, wakatamka kwamba ringi za pistoni zimekwisha, injini ni ya kutupwa, na bei ni ya chuma chakavu. Shemeji akanipigia simu akauliza, "Shemeji, niuze?" Nikamwomba anipe wiki tatu.

Ndugu zangu, injini hula hewa na petroli. Pistoni inapopanda huugandamiza mchanganyiko huo, na mgandamizo huo, ambao mafundi huuita kompresheni, ndio unaozaa nguvu. Ukivuja, nguvu hupungua. Nao una njia kuu tatu za kuvujia: kushuka pembeni mwa pistoni kwenye ringi, kupita kwenye valvu, au kupenya kwenye gasketi ya silinda hedi. Kwa hiyo asemaye "ringi" bila kupima amechagua jibu moja katika matatu kwa kubahatisha.

Tulianza na geji. Injini ilipashwa moto, plagi zote nne zikatolewa, waya wa moto ukafunguliwa, resi ikakanyagwa hadi mwisho, na betri ilikuwa na chaji kamili. Silinda ya 1 ilitoa ratili 135 kwa inchi ya mraba, ya 2 ikatoa 130, ya 3 ikatoa 70, na ya 4 ikatoa 135.

Hapa yafaa niseme neno kwa wale wanaoishi nyanda za juu. Injini hii inatarajiwa kutoa kiasi cha ratili 160. Lakini hilo ni tarajio la pwani. Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Injini nzima kabisa itaonyesha namba pungufu vivyo hivyo. Mtu asiyelijua hili atazihukumu silinda zote nne kuwa mbovu. Hivyo linganisha silinda na wenzake kabla hujailinganisha na kitabu. Tatu zilikuwa sawa. Mgonjwa alikuwa mmoja.

Pili, tulimimina kijiko kimoja cha oili katika silinda ya 3, tukapima tena. Oili huziba kwa muda mwanya wa ringi. Kama ringi ndizo mbovu, namba hupanda sana. Yetu ilipanda kutoka 70 hadi 75 tu. Ringi zikaachiwa huru. Gasketi nayo ilikuwa mshukiwa dhaifu, maana ikiungua kati ya silinda mbili, aghalabu zote mbili zilizo jirani hushuka pamoja.

Tatu, tulifungua kifuniko cha juu tukapima nafasi za valvu. Valvu ya kutolea moshi ya silinda ya 3 ni ya 5 ukihesabu toka mbele, na katika injini hii kuna kanuni rahisi ya tisa: ya 5 hupimwa wakati ya 4 imebanwa chini kabisa, ya 1 wakati wa ya 8, na kadhalika. Nafasi itakiwayo injini ikiwa baridi ni inchi 0.015. Ya 5 haikuwa na nafasi hata kidogo. Valvu ilikuwa inaning'inia wazi. Tukairekebisha, namba ikafika 80 tu. Maana yake ukingo wake ulikwisha kuungua.

Mwisho, fundi wa pancha wa jirani alituazima kompresa. Pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefungwa, tulipuliza hewa kupitia tundu la plagi. Ingesikika kwenye kabureta, ingekuwa valvu ya kuingizia; kwenye mdomo wa oili, ringi; mapovu kwenye rejeta, gasketi. Ilifoka kwenye bomba la ekzosi. Kesi ikaisha, na hatujafungua nati moja ya silinda hedi.

Kwa nini valvu ile? Tangu miaka ya 1920 petroli ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge, na risasi hiyo pia iliacha utando uliokinga makalio ya valvu. Katika hedi ya MGB makalio hayo yamekatwa katika chuma kile kile cha kusubu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa risasi, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka. Ilikuwa haki, kwani risasi hudhuru ubongo wa watoto. Lakini hedi za kale zilibaki bila kinga. Makalio hulika, valvu huzama, nafasi hutoweka. Tena silinda ya 2 na ya 3 hutoa moshi kupitia tundu moja la katikati, kwa hiyo joto lao ni kali zaidi.

Kazi ya kutengeneza nitaipitia upesi. Maji humwagwa kwanza, kwa kuwa baadhi ya nati za rokaa ndizo pia nati za hedi. Nati hulegezwa kidogo kidogo kwa zamu, hedi isije ikapinda. Tuliipima unyoofu, tukatafuta nyufa, hazikuwapo. Karakana ya mashine ilichimba makalio manne ya upande wa moshi na kushindilia pete za chuma kigumu, na tukaweka valvu mpya nne. Tulizisaga kwa dawa, kisha tukajaza mafuta ya taa katika kila chumba na kungoja; halikupita tone. Nati zilikazwa kwa hatua kuanzia katikati kwenda nje, hadi futi-ratili 50.

Geji ikasoma 135, 130, 130, 135. Shemeji aliliuza kwa mtu mwingine, na baada ya kutoa gharama zote alibakiwa na zaidi ya mara tatu ya bei ya chuma chakavu. Watoto wako shuleni.

Ndugu Mwenyekiti, simlaumu fundi yule kwa kutojua. Namlaumu kwa kuhukumu asichokipima. Maofisini mwetu nasi tunavifunga vituo na kuwahamisha watu kwa hukumu za dakika mbili. Geji yetu hii, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya tairi moja, naikabidhi leo kwa maabara ya fizikia, ili vijana wajue kwamba mgandamizo wa hewa haukuishia ubaoni.