Bustani ya Centenary: Nani Aichore Upya?

Leo tuitazame Bustani ya Centenary, kando ya barabara ya Jinja hapa Kampala. Ni ardhi ya umma iliyokodishwa kwa kampuni binafsi. Zikajengwa baa na mikahawa, kesi zikafika mahakamani, kisha mradi wa barabara ya juu ukaimega.

Yakuhusu nini wewe wa Kisenyi au Bwaise? Nyumbani kwako hakuna ua. Mwanao anacheza mpira kichochoroni, katikati ya bodaboda na mtaro wa maji machafu. Na mvua ikinyesha, udongo wa bustani hunywa maji ambayo zege huyasukuma mpaka mlangoni pako.

Wapo wasemao, na hoja yao ina uzito, kwamba mamlaka ya jiji, KCCA, haina fedha za kutosha, na bila mwekezaji bustani hugeuka jalala. Mikahawa ile, tukumbuke, iliajiri vijana. Lakini mwekezaji humtazama mnunuzi. Asiye na hela ya soda hukosa hata benchi.

Basi bustani ikichorwa upya, nani aamue? Tuje kwenye sheria. Sheria ya mipango ya mwaka 2010 inataka rasimu ya mpango iwekwe hadharani, wananchi waikague. Karatasi ya Kiingereza iliyobandikwa ukutani haitoshi hata kidogo! Rasimu ipelekwe sokoni, isomwe kwa Kiganda na Kiswahili, mchuuzi aseme kivuli kiwe wapi na choo kiwe wapi.

Je, Kampala iko tayari kuipanga bustani hii pamoja na wasio na hela ya soda?