Mlingoti wa Bukoba na Minara ya Leo



Nitasema machache juu ya milingoti ya habari katika nchi yetu ya Bukoba na Muleba.

Katika Vita Kuu iliyoanza mwaka 1914, Wadachi walikuwa na simu ya upepo hapa Bukoba. Mlingoti wake ulipeleka habari pasipo waya, na Waingereza waliazimu kuuvunja. Mwezi wa Juni 1915 Jemadari Stewart alivuka Ziwa Viktoria na askari wake kutoka Kisumu. Walishuka pwani tarehe 22, na kesho yake wakautwaa mji. Mlingoti ukaangushwa. Askari wakaruhusiwa kuteka mali mjini, kisha wakapanda merikebu wakaenda zao.

Ndugu zangu, tulifikiri jambo hili. Mlingoti ule ulikuwa wa vita vya wageni. Lakini ulipoanguka, walioporwa ni wenyeji pia.

Minara iliyofuata ni ya namna nyingine. Mawimbi yake mafupi huenda moja kwa moja kama jicho litazamavyo. Kilima kikiingia kati, habari hukatika. Ndiyo sababu mnara husimamishwa juu ya kilima, upokee neno na kulipeleka kwa mwenzake, kama wachukuzi wapokezanavyo mzigo. Mmoja ukilala, walio mbele yake hunyamaza wote, na mtu wa visiwa vya Muleba mwenye mgonjwa usiku hana wa kumwita.

Habari za mlingoti wa 1915 twazisoma kwa kuwa maofisa waliandika vita vyao. Bali yule aliyepandisha saruji kilimani kwa kichwa, na yule alindaye mtambo usiku wa mvua, ni nani amewaandika? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi makarani kazi yetu ni daftari.

Kwa hiyo naomba kila mwanachama aendaye likizo awaulize wazee wa kilima chake: shamba lilikuwa la nani, alilipwa nini, nani walibeba, na neno la kwanza lilifika lini. Ayaandike, amletee Katibu wetu, kabla wazee hao hawajatutoka.