Banda Litangulie Ndama



Katika furaha hii ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, twaomba radhi kukumbusha jambo la huzuni. Baadhi yetu hapa Lusewa tulipoteza ndama wakati wa mvua za Desemba, si kwa kukosa dawa, bali kwa kuwalaza penye tope. Ng'ombe huchukua mimba miezi tisa. Twawezaje kusema kwamba ndama alitujia ghafula?

Basi na tujitayarishe mapema. Wiki mbili kabla ya ng'ombe kuzaa, banda la ndama liwe tayari: sakafu ya fito iliyoinuliwa juu ya ardhi, yenye nafasi ndogo za kupitisha mkojo, paa lisilovuja, ukuta wa kuzuia upepo, na majani makavu ya kulalia. Kila ndama awe na chumba chake, ili kuhara kwa mmoja kusiambukize wengine. Ndoo ya kumnyweshea ioshwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Iodini ya kupaka kitovu iwe karibu.

Akisha kuzaliwa, apewe dang'a lita mbili au zaidi kabla ya kupita saa sita. Kwani ndama huzaliwa bila kinga ya maradhi, naye huipata humo.

Ndugu zetu, ndama jike wa leo ndiye ng'ombe wa maziwa wa miaka mitatu ijayo. Hakuna ushirika upokeao maziwa ya ndama aliyekufa. Tukirudi nyumbani, na tukate fito.