Wafanyakazi wa Ushirika na Utunzaji wa Ziwa Babati

(Hotuba ya Katibu wa Ushirika katika sherehe ya Union kutimiza miaka 10, mjini Babati)



Nimepewa heshima ya kusema maneno machache katika siku hii ya furaha. Walionitangulia wamekwisha kueleza habari za mizani, maghala na bei ya mbaazi, wala sitayarudia. Mimi nimeagizwa niwaeleze ombi moja la wafanyakazi wa Union. Makarani, wapima mazao, madereva na walinzi wa ghala wameomba watoe Jumamosi moja ya kila mwezi, bila malipo wala posho, waitunze ardhi ya kando ya Ziwa Babati na vijito vinavyoliingia. Bodi imelipokea ombi hilo kwa moyo mweupe, lakini imetaka lisikiwe kwanza na wanachama.

Najua kwamba wako wanachama wanaonung'unika. Wanauliza, "Watu hawa tunawalipa kwa ushuru wa mazao yetu. Kupanda miti kumekuwa kazi ya Union tangu lini?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Jibu la kwanza limo katika misingi ya ushirika wenyewe. Vyama vya ushirika vya dunia nzima vilipokutana Manchester, Uingereza, mwaka 1995, vilikubaliana misingi saba, na msingi wa saba ni kuijali jamii. Maana yake, chama kisitazame mizani tu, bali kiitazame pia nchi inayowalisha wanachama wake.

Jibu la pili liko mbele ya macho yetu. Ziwa letu si lenye kina kirefu, wala halina mto mkubwa wa kuyatoa maji yake siku zote. Kila udongo unaoporomoka kutoka mashambani huingia humo na kubaki humo. Mwaka 1990 ziwa lilifurika mpaka ndani ya mji, wala haikuwa mara ya kwanza. Wazee walioko hapa wanayakumbuka hayo kuliko mimi. Udongo ule unaokwenda na maji ndio rutuba ya mahindi na mbaazi zetu. Basi mkulima hupata hasara mara mbili: shamba lake hukonda, na mji anaouzia mazao yake huingia hatarini. Maji yakimwagika hayazoleki, na udongo ni vivyo hivyo.

Lakini, Bwana Mwenyekiti, nia njema peke yake haitoshi, na nchi yetu imekwisha kuliona hilo. Mwaka 1955, wakati wa utawala wa Waingereza, wakulima wa Uluguru kule Morogoro walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Walisema kuwa kazi ile inafukua udongo usio na rutuba na kuufunika ule mzuri. Hawakusikilizwa. Ghasia zikatokea, mtu akafa, na mpango wote ukavunjika.

Mfano wa pili uko wilayani kwetu. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, Serikali ilikusudia kuufanya msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walipoona mipaka inapimwa, wengi walikwenda kukata haraka wapate chao kabla msitu haujachukuliwa. Baada ya mashauriano, katika miaka ya 1994 na 1995, vijiji vinane viliachiwa viutunze msitu ule wenyewe. Vikatunga sheria ndogo, vikachagua walinzi miongoni mwa watu wao, na msitu ukaanza kupumua tena. Miti ilikuwa ile ile na watu walikuwa wale wale, ila sasa kila mtu alijua kuwa anakilinda kilicho chake. Mfano huo umesomwa na watu wa nchi nyingi, nao umetoka hapa Babati.

Kwa hiyo, ndugu wakulima, Bodi imeweka masharti manne, nami naomba myapime.

Sharti la kwanza ni kwamba asilazimishwe mtu. Mtakumbuka kuwa tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli aliifanya Siku ya Uhuru kuwa siku ya usafi, na watumishi wa serikali na wa makampuni walitoka na mafagio nchi nzima. Baadaye Jumamosi ya mwisho ya mwezi ikawekwa kuwa siku ya usafi. Ile ni amri ya Serikali, nasi tunaitii. Hili la wafanyakazi wetu ni nyongeza ya hiari. Asiyefika asiulizwe, wala jina lake lisiandikwe, na anayefika asitazamie cheo kwa sababu hiyo.

Sharti la pili ni kuanza na uchafu wetu wenyewe. Ng'ombe hashindwi na nundu yake. Chupa za dawa za wadudu zinazotoka katika maduka ya vyama vyetu huonekana vijitoni, na nyingine, Mungu atuepushe, hutumiwa kuchukulia maziwa. Chupa ya dawa yapasa kusuuzwa mara tatu, maji yake yamiminwe ndani ya bomba la kupulizia yatumike shambani, kisha itobolewe isitumike tena. Jumamosi ya kwanza, basi, itakuwa ya kukusanya chupa hizo, nyuzi na magunia ya plastiki kuzunguka maghala yetu. Kule Bamburi, karibu na Mombasa, kampuni ya saruji ilianza mwaka 1971, chini ya Bwana René Haller, kupanda mivinje katika mashimo iliyoyachimba yenyewe. Jongoo walikula majani yaliyoanguka, yakawa udongo, na leo pale pana msitu. Haikuanza kwa kumfundisha jirani usafi.

Sharti la tatu ndilo zito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wote twajua kuwa wako wanachama wetu wanaolima ndani ya mita hizo, wengine wakiwa wamerithi kutoka kwa baba zao. Wanaogopa kuwa mche utakaopandwa leo utakuwa alama ya kuwaondoa kesho. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Hatuna uwezo wa kuifuta sheria, wala hatutawaambia wanachama kwamba haipo. Lakini Bodi yaahidi kwamba hautapandwa mche wowote mahali penye mkulima kabla ya mkutano wa kijiji au mtaa kukaa, na mkulima mwenyewe kusema atakalo. Yafaa tuanze na majani ya malisho ukingoni, ayakate alishe ng'ombe wake, ili utunzaji uwe na faida nyumbani kwake. Tena tutamhitaji yeye atuongoze. Karani aliyekaa ofisini hajui kiboko hutokea wapi jioni wala maji hupita wapi masika. Mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini mwenyeji ndiye ajuaye njia za nyumba yake.

Sharti la nne ni kutunza baada ya kupanda. Twajua sote ada ya sherehe za miti: wakubwa huja, mche huwekwa shimoni, picha hupigwa, na ifikapo Agosti mche umekuwa kijiti kikavu. Kwa hiyo kila mche utakuwa na mtu wake kwa muda wa viangazi vitatu. Hesabu itakayoletwa katika mkutano mkuu wa mwaka haitakuwa ya miche iliyopandwa, bali ya miti iliyo hai. Kama mwaka huu tutaweza kutunza michache tu, basi na tupande michache. Wala tusipande mikaratusi karibu na maji. Mikuyu yafaa zaidi, maana imezoea kingo za mito yetu.

Ndugu wanachama, katika miaka hii 10 mmetuamini mbaazi zenu, hata katika mwaka 2017, India ilipozuia mbaazi kuingia kwao na bei ikaanguka vibaya. Leo hatuwaombi fedha. Wafanyakazi wenu wanaomba ruhusa ya kushika jembe pamoja nanyi, nami naomba hoja hii ijadiliwe katika kila chama cha msingi kabla ya mvua za vuli, na majibu yaletwe kwa maandishi, yakiwa ya kukubali au ya kukataa.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Nawatakia nyote sikukuu njema na mavuno mema.