Wapolandi wa Kondoa na Suala la Ardhi

Wengi wanaokuja hapa Kolo hufuata michoro ya miambani, iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mhadhara huu unafuata barabara, ile ya zamani ya Arusha inayopita Babati na Bereku, ikafika Kolo kabla ya kuteremka Kondoa mjini. Huko Kondoa, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kulikuwa na makazi ya wakimbizi wa Kipolandi. Tanganyika ilikuwa na mengine pia: Tengeru, Ifunda, Kidugala na Morogoro.

Mkasa wao ulianzia mbali. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti waliwakusanya raia wa mashariki mwa Polandi, familia kwa familia, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Hitler alipoivamia Urusi mwaka 1941, Stalin alikubali kuwaachia. Jenerali Anders akaunda jeshi la Wapolandi, na mwaka 1942 askari na raia wakavuka Bahari ya Kaspi hadi bandari ya Pahlevi, Iran. Wanaume wenye nguvu walikwenda vitani. Wanawake, watoto na yatima wakatafutiwa pa kukaa: India, Mexico, New Zealand, na zaidi ya 15,000 wakaletwa Afrika.

Tengeru ndiyo iliyokuwa kubwa, watu wapatao 5,000 chini ya Mlima Meru, wenye shule, hospitali, kanisa na nyumba za duara za kuta nyeupe. Kondoa ilipata mia chache tu. Mji huu ulikuwa umekwisha kuwaona Wazungu wengi kwa mkupuo mmoja, mwaka 1916, pale majeshi ya Uingereza chini ya van Deventer na ya Ujerumani chini ya Lettow-Vorbeck yalipoupigania. Wale walikuja na mizinga. Wapolandi walikuja na watoto, wakaishi kwa mgawo wa chakula, katika koloni ambamo Mzungu alijulikana kama bwana shauri, mmisionari au setla. Serikali ya kikoloni haikuipenda sana picha hiyo.

Haikupenda pia wabaki. Vita vilipokwisha, Polandi ilikuwa mikononi mwa wakomunisti na wengi hawakutaka kurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 karibu wote walikuwa wameondoka, wengi wakielekea Uingereza, Kanada na Australia. Tengeru yamebaki makaburi 149, yanayotunzwa hadi leo. Nyabyeya, karibu na Masindi nchini Uganda, lingalipo kanisa ambalo Wapolandi wenzao walilijenga kwa mikono yao.

Marekani nayo ina kisa cha wakimbizi cha namna hiyo. Mwaka 1793 Wafaransa waliokimbia mapinduzi ya kwao walianzisha Azilum, kando ya mto Susquehanna huko Pennsylvania. Walijenga nyumba za magogo, moja kubwa kupita zote. Inasimuliwa kwamba ilikusudiwa malkia Marie Antoinette, ambaye alikatwa kichwa Oktoba mwaka huohuo. Wenye mtaji waliowauzia ardhi, Robert Morris na John Nicholson, walifilisika. Napoleon alipowafungulia mlango wa kurudi, Azilum ikahamwa. Wafaransa walikuwa na ardhi lakini moyo ulikuwa Paris. Wapolandi wa Kondoa hawakuwa na Paris ya kurudia, na ardhi hawakupewa.

Kwa hiyo kipimo kizuri cha suala la ardhi kiko hapa Tanzania, katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa mashamba huko, wakalima hadi wakajitegemea, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walikamilishiwa uraia wa Tanzania. Mchakato ulichelewa na ulikuwa na mivutano mingi, lakini makazi hayo yapo, yana watu.

Habari za Wapolandi wa Kondoa hazifahamiki kama makaburi ya Tengeru. Kolo ina ofisi inayowapokea wageni wa michoro. Wazee waliosimuliwa na wazazi wao habari za Wapolandi wafike hapo, na simulizi zao ziandikwe sasa, wangali hai.