Lebo Haipandi Mlima

Koti la mvua la mwendesha baiskeli lina kazi tatu: kuzuia maji, kutoa joto la mwili, na kumfanya aliyelivaa aonekane. Utabiri wa mvua ya masika umeshasikika kila nyumba, na makoti yameshatundikwa milangoni mwa maduka kuanzia Kericho hadi Bomet. Kinachotia wasiwasi ni kwamba makoti hayo hununuliwa kwa kazi moja tu, ile iliyoandikwa kwenye lebo. Lebo inasema koti halipitishi maji. Kuhusu jasho, lebo imenyamaza. Kuhusu ukungu, lebo imenyamaza.

Katika nchi ya majani chai, masika ni jina tu la mvua iliyozidi. Kericho haina mwezi mkavu hasa. Sehemu nyingi za mashamba hupata zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka. Mara nyingi asubuhi huwa na jua. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda, hukutana na upepo wa mashariki juu ya nyanda hizi, na ifikapo saa nane au saa tisa alasiri radi huanza, mara nyingine na mvua ya mawe. Mawe hayo yamewatesa wakulima kiasi kwamba katika miaka ya 1960 na 1970 yalijaribiwa maroketi na ndege za kuyavunja mawinguni. Yangali yanaanguka. Kwa msafiri wa baiskeli maana yake ni kwamba koti litakaa kwenye mzigo nusu ya siku kabla ya kuvaliwa, kwa hiyo likunjike liwe dogo, na liwe juu ya mzigo, si chini yake.

Kitambaa ndicho kinachozungumzwa zaidi, na ndicho kinachoeleweka kidogo zaidi. Koti la nailoni lililopakwa plastiki huzuia maji kabisa na ni rahisi kununua, lakini huzuia jasho vilevile. Koti la utando wenye vitundu lilitokana na ugunduzi wa Mmarekani Robert Gore mwaka 1969, na makoti ya kwanza yaliuzwa katika miaka ya 1970. Vitundu vyake ni vidogo kuliko tone la maji, lakini mvuke wa jasho hupita. Hupita, ikiwa hewa ya nje inaweza kuupokea. Ndani ya ukungu wa Kericho, hewa ikiwa imeshiba maji, mvuke hupungua kasi ya kutoka na koti la bei kali hukaribia kuwa sawa na la plastiki. Namba kubwa kwenye lebo, milimita 10,000 au 20,000, hupima kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kukibeba bila kuvuja. Namba hiyo haitaji jasho.

Na jasho ndilo shida ya barabara hizi. Anayetoka Kericho kwenda Bomet kupitia Litein, Kapkatet na Kaplong hupanda, hushuka, hupanda tena. Mlimani hulowa kutoka ndani. Kwenye mteremko upepo hulikuta shati limelowa, na vidole huanza kufa ganzi juu ya breki. Anayeshuka kuelekea Ahero huianza safari hiyo akiwa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya mteremko humpata kabla joto la bondeni halijamfikia. Tiba ni zipu: zipu za kwapani, na zipu ya mbele inayofunguka kutoka juu na chini. Koti la kadiri lenye zipu za kwapani linafaa kuliko la utando wa gharama lisilo nazo. Lebo haitaji zipu za kwapani.

Mshono nao una neno. Mwendesha baiskeli huinama, kwa hiyo mgongo wa koti uwe mrefu hadi kufunika kiuno, na mikono ifike vifundoni hata anapoushika usukani. Kofia ya koti iingie chini ya helmeti. Ikivaliwa juu yake hunasa upepo na kuficha lori linalokuja kando. Poncho hupitisha hewa vizuri, lakini upepo wa trela huipeperusha, na hilo kwenye mteremko ni hatari. Mapaja huachwa wazi na makoti mengi. Wachuma chai wamelijua jambo hilo zamani: aproni zao za plastiki hufunika mapaja.

Halafu rangi. Pande zote mbili za barabara ni kijani kitupu, ukungu ukishuka kila kitu ni kijivu, na bado koti linalopendwa ni jeusi au la kijani, eti halionyeshi uchafu. Halionyeshi uchafu, wala halimwonyeshi mtu. Sheria ya trafiki inamtaka wa bodaboda avae jaketi ya reflekta. Dereva wa lori hatofautishi injini na pedali ndani ya ukungu. Mkanda wa reflekta uwe chini mgongoni na mikononi, maana wa mabegani hufunikwa na begi.

Kwenye mitumba, ambako wengi hununua, lebo hudanganya zaidi, kwa kuwa ilisema kweli siku koti lilipokuwa jipya. Koti na ligeuzwe ndani nje. Mkanda wa mishono ukitoka kwa ukucha, liachwe. Bitana ikinata au ikipukutika unga mabegani, liachwe, hata kama jina lake ni kubwa. Maji kidogo na yamwagwe begani mbele ya muuzaji. Muuzaji mkweli hatakasirika. Likishanunuliwa, lisifuliwe kwa dawa ya kulainisha nguo.

Msinunue lebo! Nunueni zipu za kwapani, nunueni mgongo mrefu, nunueni rangi ya manjano au ya chungwa. Wazazi wenye watoto wanaokwenda shule kwa baiskeli, makoti meusi yaacheni sokoni. Mvua ya alasiri ya leo haitasubiri mwisho wa mwezi.